Rangi ni ya mwisho: kwa wadogo zangu wa roketi

Wadogo zangu, kila kundi jipya linaloingia karakana yetu ya roketi za mfano hapa Mbeya huanza vizuri. Mnajenga roketi ya kawaida, pua moja na mapezi matatu, inapanda, inafungua parachuti, mnashangilia. Halafu mnakimbilia seti za sura ya kesho: mabawa yaliyoelekezwa mbele, injini bandia ubavuni, vibawa karibu na pua. Hapo ndipo makosa yaleyale ya miaka yote yanaporudi, tena kwa mpangilio uleule. Juzi nimekuta rangi ya fedha ikikaushwa juu ya roketi ambayo hakuna aliyejua uzito wake umelala wapi. Kusema nimesema sana. Sasa naandika.

1. Pimeni kabla ya kupaka rangi. Kanuni mnaijua: kitovu cha uzito, pale roketi inapolala sawa, kiwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa, pale nguvu za hewa zinapoelemea, angalau kwa upana mmoja wa bomba. Roketi ya kawaida huwasamehe mkikosea kidogo, kwa sababu sehemu yake kubwa inayopigwa na hewa iko nyuma, kama manyoya ya mshale. Hizi za sura ya kesho hazisamehi. Vibawa vya mbele vinavuta kitovu cha hewa kuelekea puani. Mabawa makubwa ya nyuma, gundi ya maungio na tabaka za rangi vinavuta uzito kuelekea mkiani. Vitovu hivyo vikipishana, roketi inataka kuruka kinyumenyume.

Niwaeleze yaliyotokea kwenye mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, upande wa Mbarali. Nilikuwepo, na nilikuwa mmoja wa waliokubali irushwe. Roketi ilikuwa nzuri kuliko zote tulizowahi kujenga. Maungio ya mabawa tuliyajaza gundi mara mbili ili yasivunjike, tukapaka rangi tabaka juu ya tabaka mpaka ukitazama bomba unaona uso wako. Tukailaza juu ya ukingo wa rula, ikatulia palepale karatasi ya maelekezo ilipoonyesha. Furaha ikajaa. Lakini tuliipima ikiwa tupu. Injini yetu, aina ya C6, ikiwa na baruti yake ni takribani gramu 24, na gramu zote hizo zinakaa mkiani kabisa. Karatasi ilisema wazi tupime injini ikiwa ndani. Sentensi hiyo tuliisoma, tukaipita.

Kijana mdogo kuliko wote akauliza, "Kaka, hatuizungushi kwa uzi kwanza?" Akajibiwa kwamba jua linapanda, upepo utaamka, tuwahi.

Ilitoka kwenye ufito wa kurushia ikiwa imenyooka. Haijafika hata nusu ya kimo cha mikaratusi iliyokuwa kando ya mashamba, pua ikaanza kutafuta pembeni. Ikapiga duara zima, moshi ukachora kitanzi, kisha ikalala sambamba na ardhi na kukimbia kuelekea kwenye tuta walipokaa watoto waliokuja kutazama. Injini ya C6 haiwaki hata sekunde mbili, lakini sekunde hizo nilizihisi zote. Ikapita juu ya vichwa vyao na kujichimbia kwenye majaruba nyuma yao. Injini haijui kama iko juu au chini: muda wake wa kusubiri ulipokwisha, baruti ya kufungulia parachuti ikalipuka palepale kwenye mabua makavu, na moto ukashika. Tuliuzima kwa matawi mabichi na ndoo za maji tulizokuwa nazo. Hakuna aliyeumia. Binti mmoja alilia mpaka mama yake akaja kumchukua, na mama yule hakutuambia neno. Afadhali angetugombeza.

Jioni tukaingiza injini mpya na kupima upya. Kitovu cha uzito kilikuwa kimerudi nyuma karibu upana wote wa bomba. Usalama wetu wote ulikuwa umeliwa na gundi, rangi na injini. Dawa ilikuwa gramu chache tu za plastisini, ule udongo laini wa kufinyangia, ndani ya pua. Uzito mdogo unatosha pale kwa sababu uko mbali na kitovu.

Kwa hiyo: injini ndani, kiwashio kisiwemo, fungeni uzi pale roketi inapolala sawa, mzungushe juu ya kichwa uwanjani. Pua ikitangulia, iko tayari. Ikienda ubavu au mkia mbele, haiendi popote, hata kama mgeni rasmi ameshakaa. Programu ya kompyuta ya OpenRocket, inayokadiria vitovu hivyo, ni ya bure, itumieni, ila kadri umbo linavyokuwa la ajabu ndivyo makadirio yake yanavyolegea. Uzi bado una kazi.

2. Nyuzi za balsa, ule ubao mwepesi wa mapezi, zifuate ukingo wa mbele wa pezi. Mkikata kinyume, pezi litavunjika kwenye vidole vyenu.

3. Someni namba ya injini hadi mwisho. Herufi mnaikumbuka, kwa kuwa kila herufi inaongeza nguvu maradufu na nguvu mnaipenda. Namba ya kwanza, ile ya msukumo wa wastani kwa nyutoni, mnaikumbuka pia. Ile ya mwisho, sekunde za kusubiri kabla ya parachuti, mnaisahau. Roketi yenye mabawa mengi inakokotwa sana na hewa, inapoteza mwendo mapema. Mkiitia C6-5, mara nyingi itakuwa imeshageuka na inashuka kwa kasi parachuti linapotoka, na parachuti litachanika. C6-3 mara nyingi ndiyo inayoifaa. Hakikisheni pia uzito wote hauzidi ule uliotajwa na mtengenezaji wa injini, maana plastisini ya puani nayo inahesabiwa.

4. Nyanda zetu zina tabia zake. Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Parachuti lilelile linashuka kwa kasi zaidi hapa, na mabawa yale marefu ndiyo yanayogonga chini kwanza. Wekeni kubwa kidogo. Asubuhi za Juni na Julai, pale Uyole majani yanapoganda, parachuti la plastiki linakakamaa na kutoka likiwa limekunjwa vilevile mlivyolikunja. Lipakeni poda ya mtoto, na mlikunje dakika za mwisho, msilikunje tangu jana usiku. Betri za kifaa cha kuwashia ziwekeni mfukoni zipate joto.

Na injini, jamani. Mnashuka nazo Usangu, zinashinda ndani ya gari juani, usiku zinarudi kwenye baridi ya juu. Baruti iliyokandamizwa ikipashwa joto na kupozwa namna hiyo inaweza kupata nyufa, na injini yenye ufa hulipuka badala ya kusukuma. Zikae kwenye kisanduku cha kutunzia ubaridi, kivulini. Iliyoanguka kwenye sakafu ya saruji msiitumie.

5. Msichanganye baruti yenu wenyewe. Nimesikia wawili wenu wakinong'ona. Mchezo huu ulizaliwa Marekani miaka ya 1950 ili kukomesha hilohilo: baada ya Sputnik, satelaiti ya kwanza, kurushwa mwaka 1957 vijana wengi walitaka roketi, na waliojitengenezea baruti waliungua, wengine wakafa. Injini za kiwandani, za kutumia mara moja na kutupa, ndizo zilizowaokoa. Hizo nazo ni baruti, kwa hiyo vibali kwanza, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga wajue. Ndege za Songwe zina njia zake. Ndiyo maana upande ule haturushi, hata mkinionyesha uwanja mzuri kiasi gani.

6. Moto. Mtoto wa Mufindi hahitaji kuelezwa moto ukiingia msitu wa Sao Hill unakula nini. Karibu na misonobari haturushi kabisa. Kwingineko safisheni nyasi kuzunguka jukwaa, bati la kukinga moto liwe chini ya injini, ndoo na matawi yawe mikononi mwa mtu na sio kwenye gari. Upepo ukifika kilomita 32 kwa saa kila mtu anafunga mizigo. Wa Makambako mtazoea kurudi nyumbani bila kurusha.

7. Isipowaka, toeni ufunguo wa usalama na subirini dakika nzima. Asikimbilie mtu jukwaani. Mara nyingi kiwashio hakikugusa baruti, au klipu za nyaya zimegusana.

Jumamosi leteni roketi zenu bila rangi. Nitakuja na uzi, rula na mzani wa gramu, na yule aliyekwisha paka ya fedha aje nayo pia, tuone plastisini kiasi gani itaingia puani.