Ukifika saiti, shika futi mapema

Wadogo zangu wa kike mnaomaliza uashi VETA, mnaosoma chuo kikuu cha MUST pale Iyunga, Mbeya, na ninyi mnaobeba maji kwenye saiti za Uyole na Mwanjelwa huku mkisubiri mtu awaambie hatua inayofuata, haya nawaandikia ninyi. Nimejenga Mbeya, Rungwe na Njombe kwa miaka mingi, kuanzia usaidia fundi hadi kusimamia kazi. Nimeona wasichana wengi wakiingia na wengi wakiacha. Walioacha kwa sababu ya uzito wa kazi ni wachache sana. Wengi waliacha kwa sababu walikaa miezi na miezi mahali ambapo hawajifunzi kitu, ujira haupandi, mwisho wakaona heri wakauze mitumba.

Binti akifika saiti hupewa ndoo ya maji, au jiko, au ufunguo wa stoo. Kuanzia hapo si vibaya, maana njaa haisubiri. Tatizo ni kuzoea. Ujenzi unamlipa anayepima: anayeseti msingi, anayesoma ramani, anayejua mfuko mmoja wa saruji unatoa nini. Kwa hiyo nunua futi yako, yaani tepu ya kupimia, ya mita 5 mapema kabisa, kabla ya simu nzuri, na uitumie bila kusubiri kuitwa. Mafundi wakienda kunywa chai, pima chumba walichojenga, ulalo kwa ulalo, ulinganishe na ramani. Kona ikiwa mraba, ukipima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili, ulalo lazima usome mita 5. Jioni muulize fundi swali moja. Mafundi wa zamani hawana choyo kwa mtu anayeuliza kidogo na kukumbuka alichojibiwa.

Hata stoo inafundisha ukitaka. Chukua nondo ya milimita 12. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, gawa kwa 162, jibu ni kilo kwa kila mita moja. 12 mara 12 ni 144. Gawa kwa 162 unapata karibu kilo 0.89. Nondo nzima ya mita 12 inatakiwa iwe na uzito wa karibu kilo 10.7. Gari likishusha mzigo, pima chache, hata kama ni kwenye mizani ya mahindi ya duka la jirani, na upime urefu pia. Kuna nondo nyembamba zinazouzwa kwa jina la 12, na kuna zilizokatwa fupi. Siku utakapomwonyesha bosi kwenye karatasi kwamba alicholipia hakikufika, hutabaki mlinda mifuko.

Zege ndiyo nataka muielewe kuliko kitu kingine chochote. Hapo ndipo mabishano makubwa yanapotokea, na hapo ndipo mwanamke mwenye hesabu zake anapoheshimika. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35. Kwa mchanganyo wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, unahitaji mchanga lita 70 na kokoto lita 140. Ukitumia ndoo ya lita 20, hizo ni ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto. Maji ni kama lita 25, na yapungue mchanga ukiwa umelowa. Tukuyu mchanga umelowa sehemu kubwa ya mwaka, hivyo usiende na kipimo cha kukariri.

Sasa fika saa nane mchana, slabu inamwagwa, vibarua wamechoka na zege haivutiki kwa koleo. Lazima mtu atapaza sauti, "Ongeza maji!" Ndoo moja ya ziada ikiingia, zege inateremka kama uji, kila mtu anafurahi, na nguvu yake imeshapungua pale pale. Wewe simama kwenye pipa la maji, siyo kivulini. Sema kwa sauti yako ya kawaida kwamba maji ya mfuko huu yameisha. Chagua mtu mmoja ahesabu ndoo za kokoto kwa alama za mkaa ukutani, ili hesabu isiwe ya mdomo. Kisha mwagilia siku saba bila kuruka hata moja. Watu wa huku hudhani ukungu unatosha, hautoshi. Tena baridi yetu ya Juni na Julai huchelewesha zege kukomaa, hivyo mirunda inayoshikilia slabu isitolewe kwa haraka ya watu wa pwani. Nguvu ambayo mhandisi ameitegemea kwenye ramani hupimwa siku ya 28.

Na msisahau kwamba tunajenga kwenye Bonde la Ufa. Ardhi ya Mbeya na Rungwe hutikisika. Nyumba ya matofali ya kuchoma isiyo na mkanda wa zege unaozunguka kuta zote ni hatari kwa wanaolala ndani. Ringi za nguzo, zile zinazozunguka nondo, zikunjwe kulabu ziingie ndani, zisiachwe zimekutana tu pembeni. Matofali ya kuchoma yaloweshwe kabla ya kujengwa, la sivyo yatafyonza maji ya mota na viungo vitabaki unga. Kabla ya kumwaga, piga picha nondo zote na uandike tarehe, maana zikishafukiwa hakuna atakayekuamini kwa maneno.

Mtasimamia watu waliowazidi umri, na hili ndilo linalowatesa wasichana wengi wanaotoka chuoni. Fundi wa miaka 55, aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa wake, hataki kuambiwa na binti kwamba ukuta umelala. Kwanza mwamkie. Shikamoo haikupunguzii mamlaka hata kidogo. Ukiiruka, umempa sababu ya kukukataa ambayo saiti nzima itaikubali. Pili, usimwambie "umekosea" mbele ya msaidizi wake. Mimi humpelekea timazi: "Mzee, naomba unishikie hapo juu tuangalie wote." Uzi unashuka, chuma cha timazi kinatulia upana wa kidole kutoka kwenye tofali la chini, yeye anaona na mimi naona. Mara nyingi atasema mwenyewe, "Hizi kozi tatu za matofali tuzitoe." Akikataa, fungua daftari: tarehe, ukuta gani, umelala milimita ngapi, umeagiza nini. Soma kwa sauti, mpe asaini, mjulishe mkandarasi. Kupiga kelele hakutakusaidia. Mwanamume akifoka husemwa ni mkali wa kazi, ukifoka wewe watasema una hasira za kwenu. Si haki, na inaniuma mpaka leo. Lakini kilichoandikwa na kusainiwa hakina jinsia.

Mtaambiwa pia kwamba kazi za wanawake ni rangi na vigae kwa sababu mna mikono safi. Vigae vinalipa, na anayelipwa kwa mita za mraba akiwa na kasi anaweza kumzidi mwashi. Chagua kwa sababu umepiga hesabu, siyo kwa sababu umesukumiwa huko. Kupaua wasichana wanakuogopa bure. Mbao za Mafinga ziko karibu, kazi ipo mwaka mzima, na anayejua kukataa mbao mbichi zitakazopinda baada ya mwezi anatafutwa.

Upande wa makaratasi. Kama umejifunzia mtaani, VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: wanakupima, wanaziba mapengo, unapata cheti. Mwenye diploma ya ufundi sanifu ajisajili ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, nao husajili wahandisi na mafundi sanifu. Kampuni yako ikifika wakati, inasajiliwa CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kuanzia daraja la saba. Lakini kabla ya kampuni kuna mlango ambao wengi hawauoni: madarasa, zahanati na nyumba za walimu zinazojengwa kwa force account, yaani bila mkandarasi. Shule au kijiji kinanunua vifaa, wewe unasaini mkataba wa ufundi tu. Mtaji wako ni vifaa vya mkono na watu wa kufanya nao kazi, na mhandisi wa halmashauri anapita kukagua, hivyo jina lako linafahamika ofisini. Someni tangazo vizuri, jueni malipo ni ya hatua zipi, na msianze msingi kwa ahadi ya mdomo ya mwenyekiti. Ukishakuwa na kikundi kilichosajiliwa, kumbuka kwamba asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, na Sheria ya Ununuzi wa Umma inataka asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi itengwe kwa makundi maalumu, sisi tukiwemo. Zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Jifunzeni kuutumia wenyewe. Ukimwachia mtu wa stesheneri nywila yako, umemwachia biashara.

Kuhusu anayekutaka kimapenzi ili akupe kazi, akusainie malipo au akupangie saiti: hiyo inaitwa rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeitaja kuwa kosa. Tunza ujumbe wake, usifute hata wa salamu. Mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo. Namba ya TAKUKURU ni 113 na haitozwi. Nawaambia kwa upendo wote, hakuna saiti yenye thamani ya kukaa kimya juu ya jambo hilo, na aliyekufanyia wewe ana mwingine anayemfuata.

Ombeni mkataba wa maandishi hata kama ni wa miezi mitatu. Ukiwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, siku 100 ukijifungua pacha, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ukirudi. Deiwaka, yaani kibarua wa kutwa, asiye na karatasi haya yote atayasikia tu. Ukiumia, fidia ni ya WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mchango wake analipa mwajiri peke yake. Akikukata kwenye ujira, anakuibia. Buti za stoo kwa kawaida ni za miguu ya wanaume, na buti linalopwaya linaangusha mtu kwenye ngazi, hivyo tafuta saizi yako mapema. Choo ulizia siku ya kwanza kabisa, chenye mlango na komeo. Usione haya kulisema kwa fomeni. Unapokuwa kwenye siku zako hutaweza kujificha nyuma ya kichuguu na kurudi kazini ukiwa na akili timamu.

Mvua zikianza Novemba, misingi hupungua, hasa Rungwe, na huendelea hivyo hadi Aprili. Wasichana wengi hurudi nyumbani na hawaonekani tena. Wekeni akiba kuanzia Juni, na miezi ya mvua tafuteni kazi za ndani: lipu, dari, vigae. Au jifunzeni kuandaa BOQ, yaani orodha ya vifaa na kazi za ujenzi pamoja na gharama zake, kwa kuchukua ramani ya nyumba iliyokwisha kujengwa na kupiga hesabu upya, kisha mfananishe na vifaa vilivyotumika kweli. Mwezi wa Mei, ninapotafuta watu wa msimu mpya, huwa naomba kuona daftari la saiti ya mwisho kabla ya cheti. Kama mna kurasa chache tu za vipimo mlivyopima kwa mikono yenu, njooni nazo.