Kinyonga akifoka usihofu sana, hofu akinyamaza

Mkuu, pole. Nimesoma maelezo yako mara mbili kabla ya kuandika. Una wiki tatu na huyo kinyonga hapo mtaa wa Kisasa, Dodoma, yuko kwenye tundu la waya juu ya meza, dirishani. Bakuli la maji lipo na unalibadilisha kila asubuhi. Ikifika jioni anageuka mweusi, anavimba, anaachama na kufoka, na siku nne sasa hajagusa panzi. Walionitangulia kukujibu, mmoja kasema ni minyoo, mwingine kasema huyo ni mkosi umtupe kabla hajakuletea balaa nyumbani.

Mimi si daktari wa mifugo. Ni mwalimu tu wa sekondari, na vinyonga watatu wamepita mikononi mwangu kwa nyakati tofauti hapahapa Dodoma. Wa kwanza nilimuua kwa ujinga wangu, kwa hiyo naanza na huyo.

Ilikuwa Agosti. Wanafunzi waliniletea ndani ya boksi la chaki, mkia una kidonda kwa sababu watoto wa mtaani walikuwa wanampiga mawe, si unajua jinsi watu wetu wanavyomwogopa mnyama huyu. Wiki ya kwanza alikuwa moto. Ukisogea tu, anajibana ubavu mpaka anakuwa bapa kama jani, anainua vile vibamba viwili vya nyuma ya kichwa vinavyofanana na masikio, anaachama ukaona rangi ya chungwa ndani ya mdomo, halafu inatoka sauti kama tairi la baiskeli lililochomwa msumari. Wanangu wakampa jina la Mjumbe, eti anafoka kabla hujamsalimia.

Wiki ya pili akatulia. Ukimshika hasemi kitu. Anakaa kwenye kiganja, macho kafumba, saa sita ya mchana. Nyumba nzima tukafurahi kwamba amezoea. Mdogo wangu akaja na simu, tukapiga naye picha. Siku ya tatu nikamkuta amelala chini ya tundu, shibiri moja kutoka kwenye bakuli lililojaa maji, amekufa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni hili: anayefoka bado ana nguvu ya kufoka. Hasira ya kinyonga huja na kuondoka. Anavimba, anapiga weusi, ukiondoka baada ya dakika kumi au ishirini rangi yake inarudi, macho yako wazi na yanazunguka kila moja njia yake. Mgonjwa habadiliki hivyo. Rangi yake inafifia na kubaki palepale, anafumba macho mchana (kinyonga mzima hafumbi macho mchana, huo usingizi ni wa usiku tu), miguu inashika kijiti kwa ulegevu, na ukimgusa anakuachia umguse. Huo upole si mapenzi, mkuu. Kwa maelezo yako wa kwako bado anagombana na dunia, hiyo ni habari njema. Lakini siku nne bila kula na hilo bakuli vinanipa wasiwasi.

Kinyonga hajui bakuli ni kitu gani. Porini anakunywa umande na matone ya mvua juu ya majani. Kinachomwita ni tone linalometa na kutikisika. Maji yaliyotulia kwenye chombo kwake ni kama hayapo, na anaweza kufa kiu amekaa juu yake, kama wangu. Sasa ongeza Dodoma yetu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, baada ya hapo ni vumbi na ule upepo unaotupasua midomo sisi tunaokunywa chai asubuhi na jioni. Porini angejichimbia katikati ya kichaka. Sisi tunamweka kwenye waya, upepo unampitia pande nne.

Usianze kwa kukisia, angalia choo chake. Kina sehemu mbili: kipande cheusi au cha kahawia, hicho ni chakula, na kipande kingine kama chokaa, huo ndio mkojo wake. Chokaa ikiwa nyeupe, maji yanamtosha. Ikiwa ya njano iliyokolea au ya chungwa, ana kiu ya siku nyingi. Halafu mtazame macho kwa ubavuni. Yale macho yake yanatakiwa yatokeze kama koni zilizojaa. Yakiwa yamedidimia ndani ya fuvu, usisubiri kesho.

Dawa yake haina gharama. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, toboa kizibo kwa sindano, itundike kichwa chini juu ya tundu, itoboe kidogo kitakoni ili hewa iingie. Maji yadondoke tone moja kila baada ya sekunde mbili au tatu juu ya majani halisi, weka beseni chini. Majani ya hibiskasi ni mazuri. Ya mzabibu pia yanashika tone vizuri, ila kama shamba limepigwa dawa, achana nayo. Mwachie hiyo dripu nusu saa asubuhi na tena alasiri, na umnyunyizie ukungu wa maji kwa ile chupa ya kunyooshea nguo. Halafu kaa mbali. Wa pili wangu alinichukua dakika ishirini na tano nimejificha nyuma ya pazia: kwanza aligeuza jicho moja tu kwenye tone, mwili wote umetulia. Akasogea kwa ule mwendo wake wa mbele na nyuma. Akabandika mdomo kwenye ncha ya jani, akaanza kutafuna kama bibi anayetafuna ugoro, kisha akainua kichwa juu na kumeza. Alikunywa hivyo mpaka nikachoka kusimama. Usimkamulie maji mdomoni kwa bomba la sindano. Tundu lake la pumzi liko mbele kabisa mdomoni, maji yanaingia kwenye mapafu kirahisi.

Sasa hiyo hasira ya jioni. Jiulize kwa nini jioni na si asubuhi. Umesema tundu liko dirishani, na dirisha ni la kioo. Mchana kioo kinaonyesha nje. Jioni ukiwasha taa sebuleni na nje kumeingia giza, kioo kile kile kinakuwa cha kujitazamia. Kinyonga ni mnyama wa kuishi peke yake, hasa dume, na kila jioni anaona dume mwenzake ukubwa sawasawa naye, kavimba kama yeye, hataki kuondoka. Hakuna adui mbaya kama huyo, maana ukimkunjia uso naye anakukunjia. Mtu akigombana hivyo kila siku atakula saa ngapi? Naweza kuwa nimekosea, lakini kujua ni rahisi: leo funika kioo kwa kanga kabla ya magharibi, zima taa ya upande huo, uone.

Na ukishamtoa hapo dirishani usimrudishe, kwa sababu ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Jua linalopita kwenye kioo linampa joto tu. Ile mionzi inayomsaidia kutengeneza vitamini D inaishia kwenye kioo, na bila vitamini hiyo kalsiamu haiingii mwilini hata ukimlisha nini. Baada ya miezi mifupa inalainika, miguu inapinda, taya linakuwa kama mpira, ulimi hautoki vizuri. Kwa jua la Dodoma kupata ugonjwa huu ni uzembe. Mtoe nje na tundu lake saa mbili mpaka saa nne asubuhi, nusu ya tundu iwe kivulini ili achague mwenyewe.

Kuachama nako kusikuchanganye. Akiachama huku kavimba na anakutazama wewe, hiyo ni hasira. Akiachama saa saba mchana na amepauka mwili mzima, joto limemzidi, mpeleke kivulini na umpulizie maji. Akiwa anainua pua juu saa zote, mate yana mapovu, na kuna kamlio kadogo akivuta pumzi, hicho ni kifua na kinahitaji daktari. Na ukimkuta mweusi saa moja asubuhi mwezi wa saba, ni baridi tu. Tuko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai usiku unashuka hadi nyuzi 13 au 14, na weusi unamsaidia kunywa jua haraka. Subiri saa nne utaona kijani kimerudi.

Hujasema kama ni dume au jike, na hapo ndipo nilipopata somo langu la pili. Yule wa pili wangu alikuwa jike, nilikuwa naye mwezi wa nne, mvua zinaelekea kuisha. Akaacha kula, akawa mweusi muda mrefu, mkali, hatulii kwenye kijiti. Safari hii nilikuwa nimejifunza, nikawa naandika nyuma ya daftari la maandalio: saa ngapi, yuko wapi, anafanya nini. Siku ya tatu nikasoma nilichoandika nikaona kila mstari una neno "chini". Mnyama wa matawini anashinda chini, anakwangua pembe za tundu. Nikampapasa tumbo taratibu, ni kama soksi yenye karanga. Alikuwa na mayai na hana pa kuyaweka.

Nikajaza ndoo ya lita 20 nusu kwa udongo wa kichanga uliolowa, ule ukiufinyanga kiganjani unashikana lakini hautoi maji, nikamweka ndani na kufunika pande zote kwa kanga, maana akijua anatazamwa anaacha. Alasiri nilichungulia nikaona mkia tu. Kesho yake asubuhi shimo limefukiwa, amekaa ukingoni mwa ndoo, ngozi imemlegea ubavuni kama shati la kuazima, ana kiu ajabu. Akanywa, jioni akala panzi watatu. Jike akikosa udongo anaweza kubaki na mayai tumboni yakamuua, na huwa wanabeba mayai hata bila dume. Kwa hiyo mpapase wako. Hiyo ndoo na mayai yake ni hadithi nyingine.

Wa tatu nitamweleza kwa ufupi. Jicho moja lilivimba, anafumba, anajisugua kwenye kijiti. Nikadhani vumbi. Kumbe nilikuwa nimemwekea matawi ya mnyaa niliyoyakata kwenye uzio wa jirani, kwa kuwa yako kila mahali. Mtoto wa Kigogo anajua utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni kilio, mimi mtu mzima nikausahau. Nilitoa matawi yote, nikamnyunyizia maji safi mara nyingi siku nzima, baada ya siku tatu jicho likafunguka. Ukimwona anatokeza jicho mpaka linataka kudondoka huku analizungusha wakati wa kunyunyiziwa, usipige kelele, anajisafisha. Kasoro ni kama jicho linabaki limevimba. Pia angalia kama ngozi inabanduka vipandevipande. Akiwa anavua ngozi anajikuna, anakasirika, anapunguza kula, na baada ya siku chache inaisha.

Chakula sina mengi. Panzi wa nyasini, nyenje, nzi, mende mdogo uliyemkuza mwenyewe kwa mchicha. Usimpe mende wa jikoni kwako kama umewahi kupulizia dawa, wala panzi wa bustani ya mboga iliyopigwa dawa juzi. Kama ulimpa hao, tuambie, kwa sababu hadithi inabadilika.

Kuhusu aliyesema minyoo: inawezekana, vinyonga wa porini wengi wanayo. Ila dukani usiende. Mimi niliwahi kuuziwa dawa ya minyoo ya mbuzi na kuambiwa "mpe tone moja tu". Mnyama ambaye uzito wake haupiti sana yai la kuku, tone la dawa ya mbuzi ni kipimo cha nani? Nashukuru sikumpa. Peleka choo kibichi kwa daktari wa mifugo mwenye hadubini, akione kwanza.

Na nikueleze hili ingawa hukuuliza: kinyonga ni mnyamapori, na kumfuga kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mimi niliijua nimeshachelewa. Wale wawili waliopona niliwarudisha kwenye vichaka walikotokea. Pita ofisi ya wanyamapori uulize, hawakuli.

Kwa leo: ukishajaribu ile kanga kwenye kioo, toa tundu dirishani, tundika dripu, zungushia kanga pande tatu apate kujificha, na ukishampapasa tumbo usimshike tena. Usiku ukiamka mulika tochi kidogo, ukimkuta amepauka karibu na weupe na mkia kaukunja, amelala vizuri. Kesho saa nne tupia hapa picha mbili, moja ya jicho kwa ubavuni na moja ya choo. Nitakuwa mapumziko ya chai, nitaangalia.