Uliza Mjomba: Simba akikosa mchumba, nani anamtafutia?

Barua za mwezi huu zimejaa wanyama. Nafikiri ni juu watoto walikuwa wamefunga shule na wazazi wakakosa pa kuwapeleka. Nimechagua tano, zingine zingoje, na wewe wa Ahero uliyeuliza kama fisi anaweza kufugwa nyumbani, jibu ni hapana, wacha hiyo maneno.

*Mjomba, hujambo? Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Nyalenda, Kisumu. Jumapili niliwapeleka pale Impala Sanctuary tukazunguka vizuri, sasa huyu kitinda mimba wangu wa gredi ya pili akaniuliza mbele ya watu, "mama, simba akitaka kuoa na amefungiwa, bibi anatoa wapi?" Watu wakacheka, mimi nikabaki kuangalia ziwa. Naomba jibu nimpelekee.*

Sijambo mama, na huyo mtoto mnunulie soda, ameuliza kitu watu wazima wanapita tu.

Wewe unajua vile kwetu huku inaendaga. Kijana akileta msichana nyumbani, kabla chai haijamiminwa, kuna mzee kwa kona ameshaanza kuuliza, huyu ni wa wapi, mamake alitoka ukoo gani, na nyanyake je, na ikipatikana mahali damu zinakutana basi hiyo harusi imeishia hapo hata kama wawili wamependana namna gani. Sasa zuu za dunia nazo ziko na wazee kama hao. Kila aina ya mnyama wanayemfuatilia hivi ina mtu mmoja anayeshika daftari la ukoo, na ndani ya hilo daftari kila mnyama ana namba yake, alizaliwa lini, baba nani, mama nani, amehamishwa wapi na wapi, alikufa na nini. Siku hizi daftari lenyewe liko kwa kompyuta, kuna programu inaitwa ZIMS ambayo zaidi ya zuu na akwariamu 1,000 duniani zinaandikia humo. Kwa hivyo mtu wa San Diego na mtu wa Singapore wanasoma habari za mnyama mmoja bila kupigiana simu.

Alafu wanapiga hesabu. Yule mnyama mwenye ndugu wachache kwa hilo daftari ndiye anapewa nafasi ya kwanza kuzaa, juu damu yake ni adimu, na yule ambaye babake alikuwa dume la kijiji lenye watoto kila zuu anaambiwa angoje, hata anaweza kupewa dawa ya kupanga uzazi kama sisi. Zikipatikana pande mbili zinazofaa barua inatoka: dume wa hapa aende kule. Na mara nyingi hakuna pesa ya kununua mnyama, hapo ndipo watu wengi hushangaa. Anapeanwa kwa mkopo, watoto wakizaliwa wanagawanywa vile walikubaliana, kama vile ungepeleka fahali kwa shemeji yako akupandie ng'ombe.

Mimi niliwahi kubeba ndoo za nyama mahali fulani nikiwa kijana na nakwambia safari yenyewe ndio kazi. Wanyama kwa zuu zenye mpango wanafundishwa wiki nyingi kuingia kreti wenyewe kwa kufuata chakula, ndio siku ya kusafiri asipigane na mbao mpaka aumie. Akifika anatengwa kwanza, mara nyingi siku 30, apimwe damu na mavi. Na anasafiri na barua yake, hapendi kelele ya ndoo, anakula vizuri akiwekewa chakula upande wa kushoto, vitu vidogo hivyo. Mtunzaji mzuri hujulikana kwa hiyo barua.

Mwambie mtoto basi: bibi anatafutwa na mzee wa daftari. Mahali hakuna daftari, huyo simba ni mfungwa tu, mimi siogopi kusema hivyo.

*Mjomba niaje. Niko Dunga, tunauza samaki na mamangu. Babu yangu hupenda kusema fulu zilikuwa zinajaa mtumbwi mpaka watu wanazichoka, saa hii sisi tunajua mbuta (sangara), ngege wa kufugwa na omena basi. Kuna jamaa aliniambia ati fulu zetu ziko Marekani kwa matangi ya vioo. Ni ukweli ama ni stori za ufuoni?*

Ni ukweli, na babu yako hadanganyi.

Fulu sio samaki mmoja. Wataalamu walihesabu ziwani humu karibu aina 500, nyingi hazipatikani mahali pengine popote duniani, kuna za kula konokono, za kukwangua mwani kwa mawe, za kula watoto wa fulu wenzake. Na nyingi mama hubeba mayai na vifaranga mdomoni, hatari ikija ni kama anawameza, ikipita anawatema tena. Alafu miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 mbuta akaletwa, samaki anayeweza kufika kilo 200, akakaa kimya kimya hivi karibu miaka ishirini, na kufika miaka ya 1980 akafumuka. Viwanda vikajengwa, ndege zikajaa minofu ya kwenda Ulaya, na kwa miaka michache tu aina kama 200 za fulu zikawa hazionekani tena. Lakini tusimwekee mbuta mambo yote. Maji yenyewe yalichafuka, mbolea za shambani na maji taka ya miji yakaleta mwani, na fulu jike huchagua dume kwa rangi, nyekundu huyu, samawati yule, sasa kwa maji ya matope haoni rangi anachukua yeyote na aina zinachanganyika mpaka zinakuwa moja. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha hivyo mwaka wa 1997. Hiyo huwa inanikaa kichwani, samaki wanapotea juu hawaonani vizuri.

Sasa ndio zuu na akwariamu zikaingia. Miaka ya 1990 zile za Marekani ya Kaskazini, akwariamu ya New England pale Boston ikiwa mbele, ziligawana aina za fulu, wewe shika hizi, mimi zile, kila moja na daftari lake, ili tangi la mmoja likiharibika mwingine bado ako nazo. Mpaka leo kuna fulu wa Nyanza wanaozaliwa mahali theluji inaanguka nje.

Najua utauliza, si wazirudishe basi? Hapo ndipo pagumu. Mbuta bado ako, maji bado machafu, na samaki aliyekaa vizazi vingi kwa tangi analishwa vidonge hajui kukimbia. Mpe babu yako mfano wa majirani. Kule Kihansi Tanzania kuna chura mdogo kama ukucha wa kidole gumba, alijulikana mwaka wa 1996 tu, anaishi kwa rasharasha ya maporomoko ya maji, pahali pamoja tu duniani kote. Bwawa la umeme likajengwa, rasharasha ikakauka. Mwaka wa 2000 vyura 499 wakapelekwa Bronx Zoo, New York, na zuu ya Toledo nayo ikabeba sehemu ya mzigo, na mwanzoni walikufa wengi mpaka watunzaji wakawa wanatumiana habari kila mara, taa gani, chakula gani, dawa gani. Kule porini chura akaisha, 2009 akatangazwa ametoweka, lakini vile alikuwa kwa matangi walimrudisha kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 2010, alafu 2012 kwenye bonde lake, na huko walikuwa wamemwekea mabomba ya kurusha rasharasha ya kutengenezwa. Unaona? Chura alirudi juu kwanza kuna mtu alimtengenezea nyumba. Fulu nyumba yao ni Ziwa Victoria lote, nani atalinyunyizia?

Lakini kabla hujakata tamaa panda gari la Siaya na babu, mfike Ziwa Kanyaboli. Mafunjo ya kinamasi cha Yala yalimfungia mbuta mlango, hajafika huko, na ngege wa asili bado wako, na fulu pia. Mimi naona Kanyaboli ndio akwariamu yetu, na haina kioo wala bili ya stima.

*Mjomba, mimi fundi wa kuchomelea Kondele. Umeongea mambo ya matangi mara nyingi kwa hii kolamu, sasa niambie tu, stima ikipotea vile hupotea huku, hao samaki si wanakufa wote?*

Wanakufa fundi, na haraka sana, juu maji yasipozungushwa hewa inaisha. Akwariamu kubwa ziko na jenereta, na kuna siku jenereta nayo hukataa. Mwaka wa 2005 kimbunga Katrina kilipopiga New Orleans, jenereta ya akwariamu ya pale ilizima na maelfu ya samaki wakafa. Ila pengwini 19 na fisi maji wawili wa baharini walipona, wakatolewa wakapelekwa akwariamu ya Monterey Bay, California, ng'ambo ya pili ya nchi, wakakaa kama wageni mpaka 2006 wakarudishwa kwao.  Mvua ikifurika kwako unaenda kwa shemeji, si ndio?

*Wewe Mjomba unasifu hizi zuu za wazungu, mbona husemi vile waliua twiga mzima mbele ya watoto wakamlisha simba? Mimi naishi Nakuru, twiga tunawaona ndani ya mbuga kila tukiingia, hiyo kitu iliniuma. Hayo madaftari yako ndiyo yanafanya hivyo.*

Ndugu, hapo umenishika, sitakimbia.

Twiga huyo alikuwa anaitwa Marius, wa zuu ya Copenhagen huko Denmark, Februari 2014. Alikuwa kijana, mzima kabisa. Kosa lake ni kwamba kwa daftari la twiga wa Ulaya ndugu zake walikuwa tayari wamejaa, damu yake haikuongeza kitu, na wao Denmark wanaona afadhali wanyama wazae kwa njia ya kawaida, wanaozidi waondolewe, kuliko kuwazuia kuzaa. Akapigwa risasi, akapasuliwa mbele ya watu waliotaka kujifunza, nyama ikaenda kwa simba. Kuna mahali pengine palijitolea kumchukua wakakataliwa, eti hiyo nafasi ipewe twiga mwenye damu inayohitajika zaidi.

Hesabu yao naielewa. Kukubali ni kitu kingine. Zuu za Marekani nyingi huchagua dawa ya kupanga uzazi ili wasifike hapo, hata kama dawa yenyewe iko na shida zake, kuna jike akikaa nayo sana hashiki mimba tena. Mimi ningechukua hiyo shida. Mnyama umemzalisha wewe, ukampa jina, watoto wakamzoea, alafu unamwambia namba hazimtaki? Lakini nikuambie pia, simba wa zuu anakula nyama kila wiki na hiyo nyama ni ya mnyama mwingine ambaye hakuna mtu alimpa jina. Hilo nalo tulifikirie tukiwa tunakasirika.

*Mjomba, wanyama wetu walibebwa zamani wakapelekwa ng'ambo, leo tukiletewa wachache tunapiga makofi uwanja wa ndege. Si huo ni wizi tu? Mkulima, Kitale.*

Mzee wangu, nusu umesema kweli. Bongo wa milimani, yule swala mwekundu mwenye mistari, alishikwa kwa wingi miaka ya 1960 na 1970 akapelekwa zuu za Marekani. Lakini waliobaki hapa nao hatukuwalinda, mbwa wa wawindaji, magonjwa ya ng'ombe, msitu kukatwa, na leo porini hawafiki 100. Waliobebwa walizaana, na kwa sababu ukoo wao uliandikwa ndio tuna cha kurudishiwa: 18 mwaka wa 2004, na wengine 17 kutoka Florida Februari 2025.

Sasa wewe mwenye ng'ombe sikiza hii. Wale wa 2004 walizaliwa mahali hakuna kupe wa kwetu, walipofika baadhi yao wakaugua ugonjwa wa kupe, ukoo mmoja na ile ndigana kali unayochanjia ndama wako. Hakuna zuu ya Florida ingeweza kumfundisha bongo kupambana na kupe wa Kenya, hiyo elimu iko huku, kwa madaktari wa hapa na kwa watu kama wewe. Kwa hivyo wale wa 2004 walipelekwa kwanza kwa hifadhi chini ya Mlima Kenya karibu na Nanyuki, na wanaotazamiwa kuingia msituni ni watoto na wajukuu waliozaliwa hapa, wakiumwa na kupe tangu wachanga.

Ukitaka kuwaona nenda Nanyuki. Kule msitu wa Mau wako bado kidogo, lakini usipande na kamera ukitegemea bahati, hata wanaowafuatilia kila siku huona nyayo na mavi tu, na picha za usiku za ile mitambo inayofungwa kwa miti.