Bomba la majitaka limefika, septiki ya zamani niifanyeje?

SWALI: Fundi, bomba kuu la majitaka limepita mbele ya nyumba yangu na tumetakiwa tuunganishe. Septiki yetu aliijenga marehemu mume wangu miaka 22 iliyopita, haijawahi kufurika. Fundi mmoja anashauri tuiache ilivyo, tutoe bomba kwenye tangi hadi barabarani, eti nitaokoa fedha. Nimsikilize?
Mama wa wajukuu wanne

JIBU: Shikamoo mama. Hapana, usimsikilize.

Tangi halisafishi maji kikamilifu, kazi yake kubwa ni kutenga: mafuta yanaelea, tope linatuama, maji ya katikati yanakwenda kwenye shimo la kufyonzea, udongo umalizie kazi. Lisiponyonywa kila baada ya miaka michache, tope hupanda na kutoka na maji. Ukiliacha njiani, tope hilo ndilo litakaloziba bomba lako jipya.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni mfuniko. Uchafu uliotuama hutoa gesi inayonuka kama yai viza. Gesi hiyo, ikikutana na unyevu chini ya zege, huishia kuwa asidi inayolila zege kutokea ndani. Niliwahi kugonga mfuniko mmoja kwa mtaimbo. Juu ulikuwa umesakafiwa vizuri, watoto wanarukia kamba hapo kila jioni. Mtaimbo ulizama wote, nusura unitoke mkononi. Tulipoubomoa, nondo zilikuwa kutu tupu, zinavunjika kwa vidole. Mpaka leo nikiona watoto wanacheza juu ya septiki, nawaondoa.

Kwa hiyo bomba jipya lianzie kwenye chemba ya nyumba, lilipite tangi pembeni. La inchi 4 lipewe mteremko wa sentimita 2 hivi kwa kila mita, na chemba kila kona. Kabla hamjachimba, ulizia kina cha bomba kuu. Nyumba ikiwa chini yake, utahitaji pampu. Maji ya mvua ya paani yasiingizwe humo kabisa, maana mvua kubwa itaurudisha uchafu bafuni, kwako au kwa jirani.

Tangi linyonywe likauke, mfuniko ubomolewe, sakafu itobolewe kutokea juu maji yasituame, kisha lijazwe mchanga na kifusi, kishindiliwe. Mtu asiingie ndani, hata kumfuata mwenzake aliyeanguka. Gesi ile huua ghafla, na mara nyingi wa pili kufa ni yule aliyeshuka kuokoa.

Kama fedha ni tatizo, waombe wahusika ulipe kwa awamu. Ila mfuniko huo, mama, uzungushie uzio leo hii kabla wajukuu hawajarudi kutoka shule.