Maswali ya Wasomaji: Jeshini Baada ya Sekondari

Namaliza sekondari mwaka huu. Baba anataka niingie jeshini, nami navutwa, ila alama zangu zinatosha chuo. Niende sasa au nisome kwanza?
*Kijana wa miaka 18*

Ndugu msomaji, kwa mwenye alama za chuo, la kwanza ni kujua utaingilia mlango upi. Majeshi mengi yana milango miwili: wa askari, ambao cheti cha sekondari kinatosha, na wa maofisa, ambao kwa kawaida hudai shahada au kozi ya uofisa, mara nyingi vyote viwili. Askari anaweza kupanda hadi uofisa, lakini nafasi ni chache, wanaozigombea ni wengi, na umri una ukomo. Kama nyumbani hakuna shida inayokulazimu uanze kulipwa mara moja, ulizia kwanza njia ya uofisa. Ulizia pia jeshi la akiba, ambalo katika nchi kadhaa hukuwezesha kusoma huku ukihudhuria mafunzo kwa vipindi.

Kisha ipime kazi yenyewe. Matangazo huonyesha helikopta. Wakati wa amani, siku nyingi za askari ni lindo, kwata, kusafisha silaha, kuhesabu vifaa stoo, na kusubiri amri. Mtafute askari mwenye miaka miwili au mitatu kazini, si afisa wa uandikishaji, umwombe akueleze Jumanne iliyopita tangu alipoamka hadi alipolala. Hapo hapati mwanya wa kujisifu.

Vijana huogopa sana mafunzo ya awali, ilhali hayo huisha. Yanayodumu ni kutochagua pa kuishi, kutochagua mkubwa wako, na kutoweza kuacha kazi kwa barua tu, maana kuondoka bila ruhusa jeshini ni kosa la kushtakiwa. Na lipo lisilozungukwa: unaweza kuamriwa kuua, na unaweza kuuawa. Kama hilo hujalitafakari, mwambie baba kwa adabu kwamba unaomba mwaka mmoja, mradi ukomo wa umri haujakukaribia.

Afisa wa uandikishaji amenihakikishia kwamba nitakuwa fundi wa magari. Nisaini?
*Mpenda injini*

Leo usisaini. Kama ufundi haumo kwenye mkataba, hujaahidiwa kitu, hata kama aliyekuambia ni mtu mwema. Omba nakala, nenda nayo nyumbani, uisome kalamu mkononi.

Anza na muda, na siku unapoanza kuhesabiwa: unaposaini, unaporipoti, au unapohitimu mafunzo? Tazama pia jumla ya wajibu. Marekani, kwa mfano, anayejiunga mara ya kwanza kwa kawaida hufungwa miaka 8. Akitumikia minne kwa muda wote, iliyobaki huwa ya akiba, na anaweza kuitwa tena.

Halafu fani. Maneno "kulingana na mahitaji ya jeshi" yanamaanisha unaweza kupewa jiko badala ya spana. Uliza ukifeli kozi ya ufundi itakuwaje. Jibu la kawaida ni kuhamishiwa fani nyingine huku mkataba ukiendelea kama ulivyo. Kama kuna posho ya kujiunga, jua italipwa lini na katika hali gani utadaiwa uirudishe. Kwa mafao ya masomo, tafuta miaka ya chini ya utumishi na aina ya kuachishwa inayoyafuta. Mwisho, ulizia siku ya mwisho ya kujitoa bila adhabu, nayo iwe kwa maandishi.

Swali moja ambalo wengi hulisahau: cheti cha ufundi wa jeshini kinatambuliwa uraiani? Fundi wa malori hupata kazi popote. Aliyebobea kwenye mizinga ana kibarua kikubwa kuieleza fani yake kwa mwajiri.

Nimeanza kukimbia kila siku kujiandaa na usaili, sasa miundi inauma. Niendelee?
*Mkimbiaji*

Punguza. Pumzi hujengeka haraka kuliko mfupa, kwa hiyo unajisikia una nguvu wakati miundi bado haijazoea mzigo. Ndiyo sababu makuruta wengi hupata ufa wa mfupa katika wiki za kwanza. Maumivu yaliyoenea kwenye muundi na kupoa ukipumzika mara nyingi ni ya kuzidisha mazoezi. Yakiwa mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole, yakikuamsha usiku, au ukiruka kwa mguu mmoja yakachoma, acha kukimbia umwone daktari. Picha ya eksirei ya mapema yaweza isionyeshe ufa, hivyo isikupe ruhusa ya kurudi barabarani.

Ukipona, jipe wiki 8 hadi 12. Kimbia siku tatu kwa wiki, zisifuatane: anza na dakika 2 za kukimbia na 1 ya kutembea, kwa dakika 20 hivi, kisha ongeza takriban asilimia 10 kila wiki. Siku mbili nyingine fanya pushapu, kuvuta mwili kwenye chuma, na kuchuchumaa. Majeshi hutofautiana kwa vipimo, ila mbio za kati ya kilomita 2 na 3.2 ni za kawaida. Buti mpya zivae kwa kutembea, usikimbie nazo.

Mwanangu ana miaka 17, ameleta fomu ya ridhaa niisaini. Utotoni alikuwa na pumu, na rafiki zake wanamshauri aifiche.
*Mama mwenye wasiwasi*

Mama, asifiche. Ugonjwa uliofichwa ukigundulika anaweza kufukuzwa kwa udanganyifu, na sababu hiyo ikabaki kwenye kumbukumbu zake. Zaidi ya hapo, shambulio la pumu katikati ya mazoezi, mbali na hospitali, huweza kuua. Kaombeni ripoti ya daktari inayoonyesha shambulio la mwisho lilikuwa lini, dawa anazotumia, na kipimo cha pumzi. Baadhi ya majeshi humpokea aliyekaa miaka kadhaa bila dalili wala dawa.

Kuhusu saini, ridhaa yako si mapambo. Itifaki ya Hiari ya mwaka 2000 ya Mkataba wa Haki za Mtoto inazidai nchi zilizoiridhia, zinapoandikisha walio chini ya miaka 18, zipate ridhaa ya mzazi aliyeelezwa vizuri, na zichukue kila hatua inayowezekana ili vijana hao wasishiriki moja kwa moja katika mapigano. Nenda naye ofisini, uliza maswali tuliyompa mpenda injini hapo juu, na usisaini fomu yenye sehemu tupu.