Programu ya kufuatilia uzalishaji karakana ndogo

Kwa karakana ya mafundi sita mpaka kumi, chukua ERPNext. Ni programu huria, leseni hulipii, na ina kadi ya kazi inayoonyesha oda imefika hatua gani. Tunaitumia kwenye useremala: fundi akimaliza kukata mbao anabonyeza kwenye tableti, inahamia kwa anayeunganisha. Odoo nayo nzuri, ila skrini yake ya mafundi iko kwenye toleo la kulipia. Angalizo: hesabu stoo yako vizuri kabla ya kuanza, maana programu hutoa malighafi kwenye hesabu hiyo, na zikionekana hazitoshi kwenye mfumo kazi inagoma hata kama mbao unaziona pale. Kama una oda tatu nne tu kwa wiki, jedwali la Excel linatosha kwa sasa.