Maswali ya Wasomaji: Mwanzo wa Filamu ya Kijasusi Unaoupenda Unasema Nini Juu Yako?

Swali: Mimi na mke wangu ni wapenzi wakubwa wa filamu za kijasusi, lakini hatujawahi kukubaliana kuhusu mwanzo ulio bora kuliko yote. Mimi sijaona unaoushinda ule wa *The Spy Who Loved Me*, ambapo James Bond anaruka kutoka juu ya jabali la theluji na parachuti lake linafunguka likiwa na bendera ya Uingereza. Yeye anang'ang'ania ule wa *The Spy Who Came in from the Cold*, ambao kwa maoni yangu ni habari ya mtu mzima anayemngoja mwenzake usiku. Sasa ananiambia kwamba chaguo langu linaonyesha sina subira, nami namjibu kwamba lake linaonyesha anapenda huzuni. Nani kati yetu anasema kweli?

Jibu: Kabla sijaingia kwenye ugomvi wenu, naomba niwatahadharishe kuhusu uaguzi wa aina hii. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la kupima tabia, kisha akamkabidhi kila mmoja maelezo yaliyodaiwa kutokana na majibu yake. Kumbe wote walipewa maelezo yale yale, ambayo mengi yake Forer aliyatoa kwenye kitabu cha unajimu, na walipoombwa wayape alama za usahihi kati ya 0 na 5, wastani ulifika 4.26. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kupenda parachuti lile kunamaanisha wewe ni jasiri kwa nje lakini moyoni una wasiwasi, utaitikia kwa kichwa, na mkeo akiambiwa hivyo hivyo kwa sababu ya filamu yake ataitikia vilevile.

Basi tuvitazame vipande vyenyewe. Mruko wako, katika filamu ya mwaka 1977, ulirukwa kweli na mtu anayeitwa Rick Sylvester, kwenye mlima Asgard katika kisiwa cha Baffin nchini Kanada, ingawa hadithi inadai kwamba tuko Austria. Utazame tena, safari hii kwa masikio. Mara tu Bond anapoliacha jabali, muziki unakatika. Mtu anaporomoka, skii zinamtoka miguuni, kamera inamfuata kutoka mbali, na kimya kinaendelea kwa muda mrefu kiasi kwamba mtazamaji anaanza kujiuliza kama kuna kilichoharibika. Bendera inapokunjuka ndipo muziki unaporudi, na watu huona haya kwa jinsi walivyoshika pumzi. Sehemu tamu ya kipande hiki ni zile sekunde ambazo hakuna linalotendeka, kwa hiyo unachokipenda, ndugu yangu, ni kungoja.

Filamu ya mkeo ni ya mwaka 1965. Alec Leamas, anayeigizwa na Richard Burton, yuko kwenye kituo cha ukaguzi cha Checkpoint Charlie mjini Berlin, jiji lililokuwa limegawanywa Mashariki na Magharibi, akimsubiri mtu wake wa upande wa mashariki avuke. Mwenzake Mmarekani anampa kahawa na kumshauri akalale. Hatimaye mtu huyo anatokea akiwa na baiskeli, anapita kwa wakaguzi, nasi tunaanza kutulia. Kisha taa zinawaka, anapanda baiskeli na kukanyaga pedali kwa nguvu zake zote, na risasi zinamwangusha kabla hajafika. Hakuna bendera inayokunjuka wala muziki wa kutupongeza kwa kuvumilia.

Kinachowatenganisha, kwa hiyo, ni dhamana ambayo kila mmoja anaitaka kabla hajakubali kukaa gizani kwa saa mbili. Wewe unataka kuhakikishiwa mapema kwamba mtu utakayemfuata ana uwezo, na kwamba hata akianguka kutoka mlimani ataanguka kwa mpango. Mkeo anataka kuhakikishiwa kwamba filamu haitamficha gharama ya kazi hii, na akishaonyeshwa maiti moja isiyo na maana yoyote huamini kwamba yatakayofuata hayatatiwa sukari. Hilo halina uhusiano na huzuni.

Kuhusu subira, mwanasaikolojia Marvin Zuckerman, ambaye tangu miaka ya 1960 alitumia sehemu kubwa ya kazi yake kuchunguza watu wanaotafuta msisimko, aliigawa tabia hiyo katika mafungu manne. Kupenda matukio ya hatari ni fungu moja, na wepesi wa kuchoshwa ni fungu jingine. Mtu anaweza kuwa na la kwanza kwa wingi bila kuwa na la pili, na anayesifu kimya cha anguko lile hawezi kushtakiwa kwa wepesi wa kuchoshwa. Hata hivyo, mkinilazimisha nichague kipande cha kutazama usiku wa leo, nitakaa upande wa mkeo.

Swali: Kwa nini filamu hizi huanza na purukushani ambayo mara nyingi haina uhusiano na kisa chenyewe? Mimi huona kama tunapotezewa muda.

Jibu: Desturi hiyo haikuwapo tangu mwanzo. Filamu ya kwanza ya Bond, *Dr. No* ya mwaka 1962, haina kipande kinachotangulia majina ya waigizaji. Kiliingia mwaka uliofuata katika *From Russia with Love*, na *Goldfinger* ya mwaka 1964 ndiyo iliyoweka mtindo ambao wengine wameuiga mpaka leo. Hapo Bond anachomoza majini usiku akiwa na ndege bandia juu ya kichwa, anatega baruti, kisha anafungua zipu ya vazi la kuzamia na ndani yake amevaa koti jeupe la karamu, kavu kabisa, ambalo analichomeka ua jekundu. Anaingia baa, na mlipuko unatokea huku yeye ametulia kama mtu aliyekuja kunywa tu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohusiana na dhahabu ambayo filamu nzima inaizungumzia.

Hata hivyo kipande hicho kinafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kumjenga mtu. Mwaka 1946 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwasomea watu orodha ya sifa za mtu mmoja, ikianza na akili na bidii na kuishia na ukaidi na wivu. Wengine wakasomewa sifa zile zile kwa mpangilio wa kinyume. Waliotangulizwa sifa njema walimwona mtu mwenye uwezo aliye na kasoro zake, na waliotangulizwa mbaya walimwona mtu ambaye uwezo wake umezibwa na kasoro hizo. Ukishaliona koti jeupe chini ya vazi la kuzamia, kila kosa atakalolifanya Bond baadaye utalihesabu kuwa ajali. Kazi ya pili ni ya kimwili zaidi. Mwanasaikolojia mwingine, Dolf Zillmann, alieleza kwamba mwili uliosisimka haupoi papo hapo, na joto lililobaki huongezwa kwenye tukio linalofuata. Ndiyo maana baada ya mlipuko tunaweza kuvumilia maofisa wawili wakizungumza mezani, mazungumzo ambayo kama yangetangulia yangetulaza usingizi.

Wewe unayeona unapotezewa muda, jaribu *The Ipcress File* ya mwaka 1965. Kuna utekaji mfupi wa mwanasayansi, kisha majina yanapita huku Harry Palmer, aliyeigizwa na Michael Caine, akiamshwa na saa ya kengele. Dunia yake ina ukungu mpaka anapovaa miwani, na jambo kubwa analolifanya asubuhi hiyo ni kusaga kahawa. Mtayarishaji wake, Harry Saltzman, alikuwa mmoja wa watayarishaji wa Bond, na muziki uliandikwa na John Barry, ambaye pia aliandika muziki wa *Goldfinger*. Mikono ile ile ilipika vyote viwili, jambo ambalo linanifanya nisiwasikilize wanaosema kwamba aina moja ni ya watu wenye akili na nyingine ni ya watu wa kawaida. Wanaompenda Palmer, kwa jinsi ninavyowafahamu, hutafuta jasusi ambaye wangeweza kuwa yeye. Wanaompenda Bond wamekwisha kukubali kwamba hawatakuwa yeye, na wala hawasumbuki.

Swali: Mimi hupenda mianzo inayonidanganya. Je, hiyo ni dalili kwamba mimi ni mtu wa kudanganyika kwa urahisi?

Jibu: Ni kinyume chake, nionavyo. Chukua mwanzo wa *From Russia with Love*. Bond ananyemelea katika bustani usiku, muuaji anatokea nyuma yake, anavuta waya kutoka kwenye saa ya mkononi na kumnyonga mpaka anakufa. Sote tulikua tukijua kwamba steringi hafi, na huyu amekufa hata majina hayajaonekana! Ndipo taa zinawashwa, mtu mmoja anamwinamia maiti na kumbandua sura, na chini yake kuna uso wa mtu tusiyemjua. Yalikuwa mazoezi. *Mission: Impossible* ya mwaka 1996 inafanya hila inayokaribiana na hiyo: tunashuhudia mateso ya kumhoji mtu katika chumba mjini Kyiv, na habari inapopatikana kuta zinaangushwa, chumba kinageuka jukwaa, na mwanamke tuliyemdhania maiti anaamshwa kwa sindano.

Anayependa vipande hivi hufurahia zaidi ule wakati wa kuta kuanguka, yaani anapoonyeshwa jinsi alivyopatikana. Mtu anayedanganyika kwa urahisi katika maisha hapewi nafasi hiyo, kwa sababu tapeli wa kweli habandui sura mbele yako. Ningekuwa na mashaka zaidi na mtazamaji anayekasirika, anayesema kwamba ameibiwa dakika zake. Huyo, nadhani, hapendi kuonekana amekosea hata mbele ya skrini.

Swali: Mwanzo ninaoupenda kuliko wote ni ule wa *GoldenEye*, lakini nilipoutazama tena hivi karibuni niliona kasoro nyingi. Mbona bado siwezi kuushusha kutoka nafasi ya kwanza?

Jibu: Ulikuwa na umri gani mwaka 1995? Watu waliovuka miaka 40 wakiulizwa kumbukumbu zao, nyingi zaidi kuliko inavyotarajiwa hutoka katika ujana wao, na filamu hazijasamehewa kanuni hiyo. Nikitajiwa mwanzo unaopendwa na mtu, kitu ninachoweza kukikisia kwa uhakika mkubwa kuliko tabia yake ni takriban mwaka aliozaliwa. Kasoro ulizoziona ni za kweli, hasa pale Bond anapoifukuza ndege inayoanguka na kuingia ndani yake angani, jambo ambalo hakuna mvuto wa dunia unaoweza kulikubali. Lakini mruko wa kwenye bwawa hauna kasoro. Wayne Michaels alijitupa kweli, akiwa amefungwa kamba ya mpira, kutoka kwenye ukuta wa bwawa la Verzasca nchini Uswisi, wenye kimo cha mita 220. Uache nafasi ya kwanza.

Swali: Je, gwaride la Siku ya Wafu tunaloliona mwanzoni mwa filamu ya Bond iitwayo *Spectre* hufanyika kweli katika jiji la Mexico?

Jibu: Sikukuu yenyewe ni ya zamani sana, lakini watu waliiadhimisha majumbani na makaburini, na gwaride kubwa la namna ile katikati ya jiji lilibuniwa kwa ajili ya filamu. *Spectre* ilitoka mwaka 2015. Mwaka 2016 jiji lilifanya gwaride lake la kwanza, kwa kuwa wageni walitarajiwa kuja kulitafuta walichokiona kwenye skrini, na tangu hapo limekuwa sehemu ya ratiba ya sikukuu. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, ila filamu ilitangulia.